Kombe Lililopigwa Pasi

Sogeeni karibu, na huyo anayesinzia mwamsheni, maana hii ukiisikia nusu itakusumbua kuliko ukiisikia nzima.

Ilikuwa wakati wa kupalilia ufuta, kule Mkotokuyana, Nachingwea. Jua la kwetu mnalijua, likishafika utosini halina haraka ya kwenda kokote. Wanawake wakarudi shamba mchana huo, nguo zimewaganda mgongoni, jasho linachuruzika mpaka kwenye visigino. Saada alikuwa barazani kwake anapepeta mbaazi. Akawaona wanapita mmoja mmoja, wamelowa kama waliotoka kuoga mtoni. Nyuma yao akaja Hajra, binti yake, jembe begani, kanga imemkaa vizuri kiunoni, mkavu.

Mkavu kabisa. Hata juu ya mdomo hakuna tone.

"Wewe ulilima au ulikaa kivulini?" Saada akamuuliza.

"Nimelima, mama. Muulize shangazi."

Shangazi mwenyewe ni Mwanaima, wifi yake Saada, ana mdomo huyo, hajapata kuumeza. Alikuwa ameshajitupa chini anajipepea na upindo wa kanga. "Kalima kutushinda sisi wote," akasema. "Wifi, mtoto huyu ulimzaa na feni tumboni. Sisi tunanuka kama mabeberu, yeye ananukia marashi."

Wakacheka. Saada naye akacheka. Lakini binti alipompita kuingia ndani, kweli ilimfikia harufu ya waridi, na chini ya waridi kulikuwa na harufu nyingine, ya nailoni iliyokaribia kuungua. Saada akaacha kupepeta. Harufu ile aliijua, ilitoka mikononi mwake mwenyewe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mjue alikuwa na mikono gani.

Nyumba ya Saada ina mchwa. Ukiweka kitu leo, kesho wamekila. Picha ya mama yake, ile moja aliyoachiwa duniani, waliila ukutani wakabakiza kipande cha bega. Alilia siku ile kama kafiwa mara ya pili. Toka hapo akawa hana imani na karatasi iliyo uchi. Kule stendi wana mashine ya kufungia karatasi kwenye nailoni, wanaita laminesheni, lakini umeme ukikatika unarudi nyumbani na cheti chako kama ulivyokwenda. Saada akajifundisha mwenyewe. Anachukua nailoni ngumu, ile ya kufunikia madaftari ya shule, anaweka karatasi katikati, anaacha ukingo kidogo pande zote ili maji yasipate mlango. Juu anatandika kitambaa cha kanga kuukuu. Anawasha pasi ya mkaa, anaijaribu kwa tone la maji. Likiruka na kupiga kelele, anasubiri ipoe, maana pasi kali inakunja nailoni kama ngozi ya maziwa. Kisha anapiga taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, anasukuma hewa itoke. Akimaliza analaza sanduku la nguo juu yake mpaka ipoe. Ikitoka hapo, mwaga maji, mwaga mchuzi, unafuta tu. Majirani walimletea kadi za kliniki, vyeti vya shule, Lusiana wa parokiani akaleta cheti chake cha ubatizo. Mikono ya Saada ikasifiwa.

Na Hajra, masika yale, aliumwa. Ugonjwa wenyewe si wa kukohoa. Mchana watu wamepumzika, yeye anasimama mlangoni anaongea na mtu asiyeonekana, anacheka kwa aibu kama mchumba kaja. Chakula hataki. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema mzima. Basi Saada akampeleka Chinongwe, upande wa Ruangwa, kwa mwalimu Harithi, anayesomesha watoto Kurani na anayewajua wageni wa namna hiyo.

Mwalimu alimsomea. Mgeni akaja, wakaongea naye kwa adabu, wakakubaliana. Mwalimu akachukua karatasi na wino wa zafarani. Katikati akaandika jina la mgeni, pembezoni akazungusha jina la Hajra, na maneno ya Mungu yakayashika yote mawili. Ndilo kombe hilo.

"Kila asubuhi uitie kwenye maji," akamwambia Saada. "Anawe uso na maji hayo. Kisha uianike kivulini. Maandishi yatafifia kidogo kidogo, na yeye ataondoka kidogo kidogo. Yakiisha, naye kaisha. Karatasi iliyobaki kaifukie mgombani."

Saada akafanya hivyo. Na ikawa kweli. Hajra akaanza kula, akaanza kugombana na shangazi yake, mpaka mlangoni akaacha kusimama. Maandishi nayo yakawa yanapauka, manjano ikawa kama chai iliyozidi maziwa.

Hapo ndipo roho ya Saada ilipoingiwa na hofu. Akaitazama ile karatasi inavyolainika, imebaki kama utando wa kitunguu, akasema moyoni, dawa inaisha hii. Ikiisha na ugonjwa ukarudi, nitafanya nini? Na mchwa je, wakiipata kabla? Mtu aliyemponya mtoto wake kwa karatasi, ataachaje karatasi ife?

Akawasha pasi.

Katikati, juu ya lile jina, palikuwa na povu la hewa. Akalisukuma, likakimbia. Akalifuata, likarudi pale pale. Akakandamiza pasi kwa uzito wa mwili wake wote mpaka likazama. Karatasi ikatoka inang'aa, nzuri. Akaitundika msumarini chumbani kwa Hajra. Kila asubuhi akawa anaichovya majini kama alivyoagizwa, maji yanaingia meupe, yanatoka meupe, na yeye anafurahi kwamba sasa haifutiki.

Ndiyo maana mchana ule wa ufuta aliacha ungo akamfuata binti ndani.

Hajra alikuwa ameinama kwenye ndoo ananawa. Saada akaona maji yanavyoanguka usoni mwa mwanawe. Hayakulowesha. Yaligawanyika yakawa shanga, yakateleza, yakadondoka, na uso ukabaki mkavu unang'aa.

"Mama," Hajra akasema polepole, bila kugeuka. "Mbona kama nimevishwa kitu?"

"Umevishwa nini?"

"Sijui. Nikivuta hewa inafika nusu."

Saada akamgusa shavu. Lilikuwa laini mno, laini ya kuteleza, vidole havikupata pa kushika. Akarudisha mkono akaufuta kwenye kanga, akaona aibu kwa kuufuta.

Jioni ile Hajra hakula. Asubuhi hakuinuka. Alikuwa macho, amelala juu ya mkeka, anavuta pumzi fupi fupi kama kuku aliyefungwa miguu juani, na ngozi yake imekuwa ya kupitisha nuru, mishipa inaonekana chini yake imejipinda imejikunja, kama maandishi.

Mwanaima alikuja, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Wifi," akanong'ona, "tazama ukutani."

Saada akatazama. Ile nailoni msumarini ilikuwa imeingia ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, kama kioo mtu anapokihemea. Ukatanda, ukaondoka, ukatanda tena, na Saada akasimama anaangalia mpaka akagundua kwamba unatanda Hajra anapotoa pumzi, na unaondoka Hajra anapovuta, na kwamba pumzi ya mtoto wake wa kumzaa haikuwa inatoka nje kwenda kwa watu wengine, ilikuwa inakwenda mle ndani ya nailoni na kurudi, ile ile moja, imechakaa, na kila ikirudi inakuwa fupi zaidi.

Mwanaima ni mtu wa vitendo. Akachomoa wembe, akaitoa nailoni msumarini, akakata pembe.

Hajra hakupiga kelele. Aliguna tu. Wakamgeukia, na ncha ya sikio lake ilikuwa imepasuka, damu inatoka nyembamba, imenyooka kama mkato wa wembe.

Wembe ukaanguka chini. Saada akampigia mwalimu Harithi simu, akamweleza.

"Usiikate," mwalimu akasema. "Usiichane. Usiiguse. Nakuja."

Alifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akaingia bila hata kubisha hodi ya kutosha. Akapiga magoti karibu na mkeka. Chumba kilinuka waridi na moto.

"Bwana mgeni," akasema kwa adabu. "Tulikubaliana uondoke."

Midomo ya Hajra haikutikisika. Sauti ilitoka, ya mtu mzima, mpole, aliyechoka.

"Nilikuwa naondoka, mwalimu. Kila asubuhi maji yananibeba kidogo. Nilibaki kidogo sana. Mguu mmoja uko nje. Akaja mama huyu na moto."

Saada akaanguka magotini. "Sikujua," akasema. "Baba, nisamehe. Mwachie mtoto."

"Sina ugomvi na wewe, mama," sauti ikajibu. "Nina joto tu."

Mwalimu akainuka. "Haikatwi," akasema. "Ilifungwa kwa moto, itafunguliwa kwa moto, na mkono ni ule ule. Kawashe pasi. Unisikie vizuri, Saada: ikizidi, inamuunguza huyu hapa. Ikipungua, haifunguki. Na pumzi yake si ya kusubiri."

Mkaa ukawashwa. Saada alijaribu tone la maji, akalijaribu tena. Kitambaa cha kanga kikatandikwa. Alipoiweka pasi ukingoni, Hajra alikunja vidole vya miguu pale mkekani akasema "mama" kwa sauti yake mwenyewe, ile ya utotoni, na Saada hakuinua macho, maana angeinua angeacha. Ukingo ukalainika. Akaushika kwa kucha, akavuta. Nailoni ya moto ikamng'ang'ania vidole, ngozi ikabaki hapo, akavuta tena, akazunguka pembeni yote hivyo hivyo, anapiga, anavuta, jasho lake linadondoka kwenye meza, na utando wa juu ukaanza kuachana na karatasi kwa mlio mdogo, kama mtu anayebandua midomo iliyokaukiana.

"Majini," mwalimu akasema. "Haraka."

Wakaitia kwenye bakuli. Maji yakawa ya manjano. Jina la Hajra likaachia, herufi kwa herufi, likayeyuka. Na pale mkekani tone moja likatokea kwenye paji la uso, likafuatwa na jingine, kisha jasho likafumka mwili mzima kama mvua ya kwanza, likamlowesha Hajra, likalowesha mkeka. Akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikainuka, akakohoa, akalia.

Mwanaima akamkumbatia na jasho lake lote. "Nuka," akamwambia huku analia naye. "Nuka, mwanangu, nuka kama sisi."

Lakini mwalimu Harithi hakuwa anawaangalia wao. Alikuwa ameiinua nailoni kwenye mwanga wa dirisha. Pembezoni ilikuwa safi. Katikati, jina moja lilikuwa limezama ndani ya nailoni, limekuwa kitu kimoja nayo. Akalisugua kwa kidole, akalichovya tena. Maji yakatoka meupe.

"Hapa ulikandamiza," akasema.

"Palikuwa na povu la hewa, mwalimu. Lilikuwa halikai."

"Halikuwa povu."

Ukungu ukatanda kwenye nailoni, mdogo, pale katikati tu. Ukaondoka. Ukatanda. Sasa haukufuata pumzi ya mtu.

"Jina la mwanao limetoka," mwalimu akasema. "La mgeni limekataa. Ana nyumba, hana mwenyeji. Akikosa mtu kabla jua halijazama, atarudi kwa aliyemzoea."

Mwanaima alimvuta Hajra karibu zaidi, akasogea naye mpaka ukutani. Mwalimu akaitazama nailoni mkononi mwake, akaiweka mezani, akafuta vidole kwenye kanzu.

Saada akasogea mezani. Alimwangalia binti yake alivyolowa, nywele zimemganda shingoni, mbaya, mzima. Kisha akaichukua nailoni kwa vile vidole vyake vilivyochunika, akaitia kifuani chini ya blauzi, akafunga kanga juu yake kwa nguvu, mafundo mawili, kama mtu anayejifunga kwenda shamba.

Jasho lililokuwa linamtiririka usoni kwa moto wa pasi likakauka pale pale, kama tone juu ya bati. Akajigusa shavu. Akashusha mkono.

"Hana ugomvi," akasema polepole. "Ana joto tu."

"Ndiyo," mwalimu akajibu.

"Na ataondoka lini, mwalimu?"

"Maandishi yakifutika."

Saada akafikiri. Nje, kuku walikuwa wanarudi bandani. Hajra alikuwa amelala mapajani kwa shangazi yake, anapumua kwa mdomo wazi.

"Na nailoni," Saada akauliza, "inaoza baada ya muda gani?"

Mwalimu Harithi alikuwa ameinama mlangoni anatafuta kandambili zake. Alizitafuta muda mrefu, anapapasa huku na huku, na kumbe alikuwa amezivaa.