Mgeni wa Duka la Klipu

Mniwie radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaiharibu. Penye kunong'ona mimi hupayuka, penye kutetemeka hucheka peke yangu. Nyumbani kwetu mwenye sauti ya kutisha ni mke wangu, naye amekataa kabisa kuisimulia. Basi mmebaki na mimi. Vumilieni.

Delfin Macaraig alitoka msibani jua likizama nyuma ya mashamba ya kahawa ya mji wa Lipa. Marehemu Simplicio alikuwa binamu wa mbali wa mkewe, mtu wa mji wa Rosario ambaye Delfin hakuwahi kukutana naye. Hata siku ile hakumwona. Jeneza lilikuwa limefungwa. Gari la Simplicio liliwaka moto mteremkoni siku ya Jumanne, naye yumo ndani, na kilichobaki hakikuwa cha kuonyesha watu. Waliokuwa wakicheza karata pembeni ya jeneza, kama ilivyo desturi ya misiba yetu, walinong'onezana sababu: klipu. Kile kipete cha chuma kinachobana mpira wa petroli. Kilikuwa kibovu, kikaukata mpira, petroli ikadondokea bomba la moshi lililochemka.

Delfin akasogeza kiti karibu asikie vizuri. Gari lake mwenyewe, la bati la kuungwaungwa, lilinuka petroli wiki nzima. Na mkewe Consorcia alikuwa na mimba pevu, siku yoyote angejifungua, na gari la kumfikisha hospitali lilikuwa hilo hilo.

Sasa, kwetu mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia mahali kwanza, akajikung'ute, ili marehemu kama amemfuata abaki huko. Wenye akili zao hupitia kibanda cha lomi, roho ikabaki na tambi na supu yake. Delfin, mtu asiyependa kwenda safari mbili, akapitia duka la spea.

Hebu fikiria. Marehemu kauawa na klipu, wewe unakwenda kumkung'uta penye klipu!

Mama Patring, mwenye duka, alikuwa anashusha mlango wa chuma.

"Mama, usifunge! Nataka klipu za mpira wa petroli."

"Zimo humo kwenye makopo, chagua. Wewe si umetoka msibani?"

"Ndiyo, nimepitia kujikung'uta."

"Kwangu? Mwendawazimu wewe! Kwa nini usijikung'ute kwa mama mkwe wako?" Akaingia chumba cha nyuma akiendelea kumtukana.

Delfin akainamia makopo. Akaokota klipu moja.

"Siyo hiyo."

Sauti ilikuwa kavu... kama ya mtu mwenye majivu kooni. Kando ya rafu alisimama mwanamume, kofia ameishusha mpaka machoni. Delfin hakumsikia akiingia. Alinuka petroli, lakini kwenye duka la spea nani hanuki petroli?

"Hii ina kasoro gani, kaka?"

"Mkanda una matundu. Ukikaza, mpira unajisokota kwenye matundu, unakatika polepole. Tafuta iliyo laini ndani, yenye kingo zilizopinduliwa nje."

Delfin akapekua, akapata. "Hii je?"

"Mkanda mzuri. Ijaribu skrubu kwa sumaku."

Sumaku ilining'inia kwenye kamba hapo kaunta. Mkanda haukunasa. Skrubu ikanasa, tap!

"Skrubu hiyo ni ya chuma cha kawaida," yule mtu akanong'ona. "Italiwa na kutu. Ikiliwa, haibani. Unafika mteremkoni..."

Akaelekeza kidole kwenye kopo jingine.

Wakapata nyingine, njema mkanda na skrubu. Delfin akaacha pesa kaunta, akazifunga klipu kwenye gari lake palepale nje ya duka, yule mtu akiwa nyuma ya bega lake. "Kaza. Kidogo tena. Basi, usiuumize mpira." Harufu ya petroli ikaisha.

Ikabaki nyingine.

Ya nywele zilizoungua.

"Kaka, unazijua klipu kama uliachishwa nazo ziwa!" Delfin akacheka, akifuta mikono.

"Nimechelewa kuzijua."

"Haya, asante sana. Twende basi, tukale nyumbani."

Msimtukane Delfin. Kwetu huo si mwaliko, ni kama salamu. Hata mwenye punje tatu za wali humkaribisha mpita njia, na mpita njia hujibu "nimeshiba" huku tumbo linanguruma. Ndiyo adabu. Kila mtu aliye hai anaijua.

Yule mtu akainua kichwa.

"Asante. Sijala tangu Jumanne."

Mama Patring akachungulia mlangoni. "Delfin! Unaongea na nani?"

Kiti cha nyuma cha gari kikabonyea. Kriii...

Delfin aliendesha, lakini si kwenda nyumbani. Akasimama kwenye kibanda cha lomi. "Shuka, kaka. Hapa supu yao ni tamu." Akasimama kwa kinyozi. Akasimama mbele ya kanisa. Kiti hakikuinuka. Mfu aliyekufuata unaweza kumkung'uta popote. Uliyemwalika utamkung'utia wapi?

Simu ikalia.

"Baba, chupa imepasuka! Uko wapi?" Ni Consorcia.

"Nipo... nina mgeni garini."

"Mgeni gani saa hizi? Njoo naye, hata akinishika mkono tu! Njoo!"

Mwaliko wa pili. Angefanyaje? Gari jingine halikuwepo. Akageuza.

Consorcia akapanda mbele, akiguna kwa uchungu. Wakaanza kuuteremka mteremko wa Rosario, uleule wa Jumanne, kuelekea hospitali. Delfin akahisi pumzi ya moto shingoni. Mkewe akatazama kando yake.

"Baba," akanong'ona, "mbona mkono wa mgeni wako ni mweusi hivyo?"

Mkono ulikuwa umepita katikati yao. Vidole vilivyokauka kama kuni za jikoni. Ukashuka chini ya dashibodi, unakopita mpira wa petroli.

Ukashika.

Ukabaki umeshika mpaka mteremko ukaisha. Ulikuwa unalinda, au unangoja? Delfin hajui hadi leo.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Waliporudi naye, kiti kimoja mezani kilikuwa kimevutwa nyuma, kama cha mtu anayesubiri kupakuliwa. Wakapakua. Asubuhi wali ule walioukuta sahanini ulikuwa mweusi, umeungua, ilhali sahani yenyewe ni baridi. Siku Consorcia alipogoma kupakua, nguo za mtoto zilinuka petroli. Hakugoma tena. Kasisi alikuja, akanyunyiza maji, akasikiliza kisa, akafunga begi lake. "Wa kufukuzwa ni aliyeingia bila kukaribishwa," alisema. "Huyu mmemkaribisha wote wawili."

Juzi nilikwenda kumtazama mtoto. Nikala, nikatania, sahani ile nikaiona, nikajifanya sikuiona. Wakati wa kuaga nikasimama mlangoni, na mdomo huu ukanitangulia kama kawaida yake: "Asanteni kwa chakula! Siku moja na nyinyi mje mle kwangu. Nyote!"

Delfin akafumba macho.

Nyuma yake, kwenye kiti kisicho na mtu, sauti kavu ikajibu: "Asante."

Sasa mke wangu ananiuliza kwa nini jikoni kunanuka petroli. Nimweleze nini? Delfin angalau alimwalika mtu aliyemchagulia klipu. Mimi hata gari sina.