Maji ya Betri na Jino la Amuron

Oriokot alikuwa tanboi wa lori. Kazi yake ilikuwa kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu na kulinda mizigo hadi Tororo na kurudi. Kwake ni Moding, karibu na Malaba. Kila aliporudi, binti yake Amuron alimkimbilia, mikono imetangulia. Alijua baba amebeba sukari nguru.

Amuron alikuwa na miaka sita, na alidekezwa kweli kweli. Usiku alilala na kipande cha sukari shavuni.

Mwaka mmoja, uhuru ukiwa bado mpya, shavu hilo likavimba. Mtoto akakataa uji. Akakataa hata kucheka.

"Hiyo ni kazi ndogo," Oriokot alimwambia mkewe, Petronilla. Akatoa kichupa mfukoni. "Hii ni maji ya betri ya lori. Mimi nilitia kwa jino langu na pamba. Uchungu iliisha siku hiyo hiyo."

"Na jino je?"

"Ilivunjika-vunjika, ikaisha pia."

"Basi hiyo si dawa."

"Mama Amuron, mtoto analia tangu juzi. Unataka nimwangalie tu?"

Maskini, hakuwa mtu mbaya. Kilio cha binti yake kilimkata maini.

Petronilla alikichukua kile kichupa. "Katekista alitangaza kanisani. Kesho madaktari wa meno wanakuja shuleni. Wanajitolea, hawaitishi kitu."

"Hao wanang'oa tu. Watamaliza mdomo ya mtoto."

"Ngoja kesho. Wakishindwa, nitakurudishia chupa yako."

Kesho yake watu walijaa shuleni. Daktari Mutua, kijana aliyejitolea siku zake za likizo, alimketisha Amuron kwenye kiti cha mwalimu. Mtoto akafunga mdomo kabisa.

"Haya, wewe angalia yangu kwanza," daktari alisema. Akampa kioo kidogo, akapiga magoti, akafungua mdomo wake. Amuron akachungulia weee. Kisha akafungua wake.

Jino moja lilikuwa limetoboka, na ufizi una usaha. Petronilla akatoa kichupa na kueleza yote, mumewe amesimama kando. Daktari hakucheka.

"Mzee, hii ni asidi. Haikuponya jino yako, iliichoma. Inachoma ufizi na ulimi. Mtoto akimeza, inachoma koo mpaka tumbo."

"Nilitaka tu asilie," Oriokot alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Baba asiyejali hangekuja hapa." Daktari akamgeukia Amuron. "Unapenda kula nini?"

"Sukari nguru ya papa," mtoto alijibu kwa fahari, akimwonyesha baba yake kwa kidole.

Oriokot akainamisha kichwa. Ilimuuma kuliko jino lolote.

"Shida kubwa ni kulala nayo mdomoni," daktari alisema. "Inakaa hapo usiku mzima, inaozesha meno. Mpe mara moja moja, baada ya chakula. Asubuhi na kabla ya kulala, apige mswaki. Hata kijiti kilichotafunwa ncha ikawa laini kinafaa. Hii jino moja lazima itoke. Ni ya utoto. Ya ukubwani itakuja, na hizi zingine bado ni nzima."

Akamchoma sindano ya ganzi. Oriokot alimshika binti yake mikono. Jino likatoka. Amuron alilia kidogo. Baba yake alilia zaidi, na hakuna aliyemcheka. Kile kichupa Petronilla alikitupa chooni.

Wiki chache baadaye lori lilirudi. Amuron alikuja mbio, shavu limepona, anacheka na pengo lake. Safari hii Oriokot alileta karanga. Lakini mtoto hakuzipokea.

"Papa, kaa chini. Fungua mdomo."

Oriokot akaketi juu ya jiwe lake la gurudumu, akafungua. Amuron akachungulia jino moja moja, kama alivyofanya kwa daktari. Alipofika penye pengo la lile jino la maji ya betri, akatikisa kichwa. Kisha akampa baba yake kijiti kipya cha mswaki.

"Hiyo imeenda," alisema. "Lakini hizi zimebaki, papa, tutachunga."