Kampuni Iliyokataa Kumuuzia Lempi Nyanya

Ilikuwa Januari. Theluji ilikuwa imefika chini ya dirisha. Lempi alikuwa jikoni akichemsha kahawa. Mezani palikuwa na vitabu vitatu vya kuagizia mbegu, kila kimoja cha kampuni yake.

Zamani mumewe, Urho, ndiye aliyeagiza mbegu kwa posta. Lempi alipanda na kupalilia. Sasa Urho alikuwa amefariki, na Lempi hakujua kuchagua.

Mwaka jana alichagua kwa macho. Aliagiza nyanya zilizopigwa picha nzuri kuliko zote. Jalidi, baridi ile inayounguza majani, ilianguka Septemba. Nyanya zote zilikuwa bado kijani. Vitunguu vilitoka vidogo kama gololi.

Mwanawe Reino, aliyeishi nyumba ya jirani, alikuwa ameshasema: "Mama, bustani ikikataa tena, napitisha trekta nipande nyasi za ng'ombe. Magoti yako yamechoka."

"Magoti yangu yamekulalamikia lini?"

"Haya. Mwaka mmoja zaidi tu, basi."

Bustani ile Lempi aliichimba na Urho mwaka waliooana.

Mlango uligongwa. Alikuwa Waino, mpeleka barua, rafiki wa marehemu.

"Shemeji, kahawa ipo, au niondoke na barua zako?"

"Vua viatu uingie. Hata mkate wa iliki upo."

Waino alifunua kitabu cha kwanza. "Hawa ndio waliokuuzia mwaka jana? Wako wapi?"

"Kusini kabisa mwa nchi."

"Theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi! Shemeji, kosa si lako wala la hayo magoti anayoyasema Reino. Kitunguu hufuata saa za mwanga. Cha kusini kimezoea siku fupi. Kwetu siku za kiangazi ni ndefu mno. Kinafunga kichwa kabla majani hayajakua."

"Na nyanya?"

"Soma hapa. Siku tisini na tano tangu kupandikiza mche. Jalidi ya mwisho kwetu ni lini?"

"Juni mwanzoni."

"Na ya kwanza?"

"Septemba mwanzoni." Lempi alihesabu kwa vidole. "Siku tisini tu!"

"Umeona? Tafuta ya siku sabini kushuka chini."

"Nitajie basi kampuni ya Urho."

"Ile ilifungwa, mwenyewe alizeeka. Waandikie hawa watatu. Waulize shamba lao la majaribio liko wapi, na jalidi huanguka lini huko. Uliza mbegu ni za mwaka gani, na katika mia huota ngapi. Wewe andika, kubeba ni kazi yangu."

Lempi aliandika barua tatu, akataja jalidi ya kwao na ile nyanya kubwa ya mwaka jana. Kampuni ya kwanza ilimletea picha nyingine za nyanya. Ya pili haikujibu. Ya tatu ilijibu kwa barua iliyoandikwa kwa mkono:

"Mama, shamba letu liko kaskazini kama kwenu, karibu na mpaka wa Kanada. Nyanya kubwa uliyoitaja tunaiuza, lakini usiinunue. Kwako haitaiva. Chukua ndogo, ya siku sitini na tano. Vitunguu chukua vya siku ndefu. Mbegu ni za mwaka huu. Katika mia, tisini huota."

"Waino, wamekataa hela yangu!"

"Basi hao ndio wa kuwapa," alisema Waino.

Pakiti zilipofika, Lempi hakukimbilia kupanda. Alizikunja mbegu kumi za nyanya katika kitambaa chenye maji, akaziweka karibu na jiko. Tisa ziliota. Ndipo akasia vitunguu katika visanduku dirishani, na mwezi uliofuata nyanya. Juni alihamishia miche bustanini.

Jalidi ilianguka Septemba, kama kawaida. Asubuhi Reino alipita bustanini. Mashina ya nyanya yalikuwa meusi. Aliingia jikoni amevua kofia.

"Pole, Mama. Naona jalidi imechukua kila kitu."

"Imechukua majani tu. Fungua stoo."

Reino alifungua. Rafu zilijaa chupa za nyanya nyekundu. Juu yake vilining'inia vitunguu vilivyosukwa pamoja kwa majani yake, kila kimoja kikubwa kama ngumi. Alishika msuko mmoja, akaupima uzito mkononi.

"Naweza kumpelekea mke wangu huu?"

"Chukua. Na lile trekta lako linakuja lini?"

"Trekta gani, Mama?" alisema Reino, akanyoosha mkono kuchukua msuko wa pili.