Kisima Kipi Kifungwe?

Likizo ilipofika, binti mmoja, Mama Maswali kama walivyomtania nyumbani, alifuatana na shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mchora ramani katika ofisi ya maji, tena alikuwa akimfundisha binti huyo Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

"Shangazi, mbona majina yamepandana hivi?" aliuliza asubuhi moja. Majina marefu ya visima yalikanyagana kwenye ramani, hata hayasomeki.

"Hiyo ndiyo kazi yako leo. Fundi anakuja saa sita. Kuna kisima kimekutwa na vijidudu, anakwenda kukifunga."

Mama Maswali akafikiri, kisha akaiagiza programu: jina likizidi herufi ishirini, pamoja na nafasi, kata mkia. Lo! Ramani ikang'aa. Shangazi alimsifu sana, akaichapisha mbiombio, na fundi alipofika akaichukua, akatoka nayo.

Binti akabaki anaitazama kazi yake kwenye kioo cha kompyuta, kichwa kimemvimba kwa furaha. Lakini mbona visima viwili vina jina moja, "Kisima cha Shule ya"? Akafungua orodha ya majina kamili. Kimoja ni cha Wasichana, kingine cha Wavulana, na chenye vijidudu ni cha Wavulana. Akisema, sifa zote zitayeyuka. Asiposema, watoto watakunywa maji machafu. Nje, pikipiki ya fundi ilikuwa inawashwa.

Akatoka mbio. "Fundi, ngoja! Ramani ina kosa, na kosa ni langu!"

Fundi akaikunjua, akaduwaa. "Ala! Mimi nimeambiwa kisima cha shule tu, ningefunga hiki cha karibu."

Cha karibu kilikuwa cha Wasichana, kile kizima.

Shangazi hakugomba. "Ukiandika daftarini, mstari ukijaa, unakata neno?"

"Hapana, nashuka mstari wa chini."

"Basi?"

Vidole vikakimbia. Safari hii programu ililigawa jina penye nafasi kati ya maneno, ikaanza mstari mpya kila baada ya maneno mawili:

Kisima cha
Shule ya
Wavulana

Fundi akapewa ramani mpya, akalisoma jina kwa sauti, mistari yote mitatu, akaenda zake akicheka.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "kazi ikipendeza ni vizuri, lakini kwanza iseme ukweli wote. Na ukikosea, sema mapema kama leo, kabla kosa halijamfikia mtu."

"Sawa, Shangazi. Na neno moja likiwa refu kuliko mstari?"

Shangazi akavuta kiti. "Haya, Mama Maswali. Tujaribu tuone."