Deki Iliyotoka Jasho

Kama hujawahi kupanda ngazi za jengo la vifaa vya umeme saa sita mchana, hujui maana ya kubanana. Wanaopanda wanawasukuma wanaoshuka, wanaoshuka wana televisheni mabegani, na kila mmoja anaamini asiye na adabu ni mwenzake. Siku hiyo mwanamke mmoja alikuwa anapanda na kikombe cha chai ya moto, akikilinda kama mboni ya jicho, mara akahisi kitu kimemnasa kifundo cha mguu. Akayumba. Chai yote ikaishia kwenye suti ya kijivu iliyokuwa mbele yake.

"Mungu wangu!" akaruka mwenye suti.

"Mungu umwache, angalia waya wako! Umeikumbatia deki kama mtoto, waya na plagi umeviacha viburute kwenye ngazi za watu. Unataka kuua mtu?"

Ilikuwa kweli. Kijana alikuwa ameshika deki ya video ya zamani kwa mikono miwili, na waya wake ulikuwa unafagia ngazi. Suti ilimkaa mabegani vizuri mno, hata madoa ya chai hayakuweza kuifedhehesha. Mwanamke aliliona hilo, akajikasirikia kwa kuliona.

"Samahani sana, dada. Namtafuta fundi mmoja anaitwa Bisibisi. Nasikia ni mkali, lakini hakuna kama yeye."

"Umempata," alisema mwanamke. "Na chai uliyomwaga ni yake."

Jina la Bisibisi lilitokana na bisibisi ndogo aliyozoea kuichomeka kwenye fundo la nywele zake. Alikuwa na miaka tisa kwenye meza yake ya ghorofa ya pili. Mwaka wa kwanza mafundi wanaume wa korido nzima walimcheka. Mwaka wa tatu wakaanza kumletea, kwa siri, kazi zilizowashinda.

Aliigeuza deki, akaitazama mgongoni. "Nani ameifungua hii kabla yangu?"

"Hakuna mtu."

"Skrubu mbili zimechubuka, ya tatu haipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka."

Kijana akajikuna shingo. "Ni mimi. Nilitumia mkasi."

"Ulichomoa plagi kwanza?"

"Niliizima kwenye kitufe."

"Kitufe!" Bisibisi aliinua mikono juu. "Kitufe kinazima picha, umeme bado umo ndani unakusubiri. Umeme hauna shemeji, utakulaza chali hivyo hivyo ulivyopendeza. Siku nyingine chomoa, halafu uache kufungua. Na mkasi uwaachie wenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi. Mimi ni fundi cherehani. Hii suti nimeishona kwa mkono wangu."

Bisibisi alijaribu kutocheka. Alicheka.

Kisha kijana akashusha sauti. Ndani ya deki kulikuwa na kanda iliyokwama. Baba yake alijirekodi nyumbani miaka mingi iliyopita, anasimulia ujana wake, anacheka, anamtania mama yao. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga mzee. Alikuwa hai, anakula, anatembea hatua chache, lakini sauti ilikuwa imekwenda. "Iliyobaki iko humo," alisema kijana, na mkono wake ukabaki juu ya deki.

Bisibisi aliivuta deki karibu. Alihakikisha hakuna umeme, akafungua mfuniko, akaizungusha mitambo kwa ncha ya kidole, polepole kama mtu anayemvua mtoto aliyelala nguo. Nusu saa baadaye kanda ilikuwa mezani, nzima.

Deki yenyewe ilikuwa na mpira wa kuzungusha mitambo uliolegea, na mpira wa deki ya umri ule haupatikani kesho. Ulichukua wiki tatu. Fundi cherehani akawa anakuja karibu kila siku kuuliza habari za mpira, kila safari na suti nyingine, mpaka korido nzima ikamwita Suti. Asipokuja, alipiga simu.

"Haloo, fundi."

"Fundi yupi? Tuko wawili."

"Fundi wangu."

"Hee! Nimekuwa wako tangu lini?"

"Tangu uninyweshe chai kwa suti."

"Nenda ukashone, bwana." Lakini simu hakuikata, na muuza remoti wa meza ya jirani alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Wiki ya tatu Suti alimletea koti la kazi la rangi ya zambarau. Mikono ilikuwa mifupi isije ikanaswa na mashine, na mifuko ilikuwa kumi na mmoja, kila mmoja umepimwa kwa kifaa chake. Hata brashi ya vumbi ilikuwa na chumba chake. Alikuwa amepima vifaa kwa macho tu, amekaa pale akijifanya anauliza mpira. Bisibisi alilivaa, akajishika mifuko, mmoja baada ya mwingine. Alimpenda. Hakuona sababu ya kujidanganya.

Siku ya kuchukua deki alimsimamisha mbele yake kama mwalimu na mwanafunzi.

"Nisikilize. Jengo letu lina viyoyozi vya kugandisha meno, na kwenu ni joto. Deki ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto, inatoka jasho ndani, kama chupa ya maji iliyotoka friji. Huioni, lakini imelowa. Usiiwashe. Iweke wazi, usiifunike kitambaa, usubiri masaa mawili, ndiyo uweke kanda. Ukiharakisha, kanda itanata na kuraruka. Umesikia?"

"Nimesikia, mpenzi."

"Rudia."

"Masaa mawili." Akamminya kidole gumba, akashuka ngazi huku waya umekunjwa vizuri kwapani. Hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi.

Jumatatu, kabla Bisibisi hajamaliza kufuta meza, kelele zilipanda ngazi. Aliyezipandisha ni mwanamke mrefu, kitenge cha bluu na kilemba chake, hatua za mtu asiyezoea kubishiwa. Alikuwa dada mkubwa wa Suti, aliyemlea tangu utotoni mama yao alipokuwa kazini. Aliibwaga deki mezani. Kutoka kwenye mdomo wa deki ulining'inia mkanda mweusi, umekunjamana kama utumbo wa kuku.

"Wewe ndiye fundi? Umeikata sauti ya baba yetu! Mama hajanyanyuka kitandani tangu jana. Watu wazima wanaacha mafundi wa kweli wanampa kazi mwanamke mwenye bisibisi kichwani, matokeo ndiyo haya!"

Watu wakasogea, kwa sababu aibu ya mtu haina kiingilio.

Bisibisi aliugusa mkanda, akaelewa mara moja. "Dada, shikamoo. Iliwashwa baada ya muda gani?"

"Mdogo wangu alifuata kila ulichomwambia. Huyo hapo, muulize."

Suti alikuwa nyuma ya dada yake. Siku hiyo alivaa shati tu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Suti," alisema Bisibisi kwa upole, "nilikwambia nini kuhusu kuwasha?"

Macho ya dada mkubwa yalimgeukia mdogo wake. Suti aliivuta kola ya shati. "Sikumbuki," alisema. "Nadhani hukuniambia kitu."

Kuna maneno yakitoka mdomoni humwacha mtu amesimama pale pale huku amekwishaondoka. Bisibisi hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Deki iacheni," akawageuzia mgongo.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, nisamehe. Mama alikuwa amekaa mbele ya televisheni ananisubiri, nikashindwa kumwambia asubiri tena. Nikaiwasha pale pale. Halafu dada akaanza kupiga kelele, na dada yangu we humjui..."

"Nimemjua leo."

"Nisamehe, roho yangu."

"Nimekusamehe."

Suti akapumua. "Kwa hiyo nije kesho?"

"Uje kufanya nini? Kukusamehe ni kazi yangu, nimeimaliza. Kurudisha jina langu ni kazi yako, hujaianza. Ulinipaka matope mbele za watu, Suti. Hutanifuta kwenye simu."

Alikata. Simu ikalia mara tisa, akaiacha ilie.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mteja aliyeacha kamera yake alikuja kuichukua bila kutengenezwa, akisema amepata safari. Mwingine alipita akajifanya haoni meza. Muuza remoti alimshauri: "Fundi, mpigie dada mtu magoti, yapite. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Goti langu ninapiga nikiokota skrubu," alijibu Bisibisi. "Sikukosea, siombi radhi."

Lakini kazi aliifanya. Aliichomoa deki, akaikausha, akavifuta vichwa vyake vya kusomea kanda kwa ngozi laini na spiriti, upande kwa upande, kamwe si juu chini. Aliunyoosha mkanda uliokunjamana, akakata kipande kilichoharibika kabisa, urefu wa mkono mmoja, akaunganisha ncha kwa utepe maalumu mwembamba, akauhamishia kwenye ganda jipya. Kisha akaunganisha deki mbili, akarekodi nakala. Mwisho akavunja kile kibanzi cha plastiki nyuma ya kanda zote mbili, ili mtu yeyote asije akarekodi kitu juu yake. Sauti ya mzee haikuwa na kosa katika ugomvi huu.

Jumapili alivaa koti la zambarau, akaibeba deki mwenyewe, akabisha hodi nyumbani kwa kina Suti.

Mama alimfungulia kwa macho yaliyovimba. Baba alikuwa kwenye kiti cha mikono, kimya, fimbo kati ya magoti. Suti alisimama ghafla, kisha akakaa. Dada mkubwa alikunja mikono kifuani.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema Bisibisi. "Nimeleta kanda." Aliiweka deki juu ya meza, mbali na ukuta ipate hewa, akakunja waya wake, akakaa kitini.

Dakika zikapita.

"Tunasubiri nini?" aliuliza dada mkubwa. "Chomeka basi."

"Imetoka kwenye baridi, dada. Tunasubiri masaa mawili."

"Masaa mawili!"

"Masaa mawili," alisema Bisibisi, akatazama ukutani.

Wakakaa. Saa ya ukutani ilisikika kuliko siku zote. Mama alileta maji, Bisibisi akashukuru, akanywa, akaendelea kukaa. Dada mkubwa alitoka, akarudi, akatoka tena. Suti alianza kutoka jasho kuliko deki. Kila mkono wa saa ulipojongea, na yeye alijongea kitini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya siku hiyo ilimchukua dakika arobaini na saba.

"Aliniambia," alisema hatimaye.

Dada yake akageuka. "Nini?"

"Aliniambia masaa mawili. Alinifunza somo kama mtoto wa shule, nikalirudia kwa mdomo huu. Nikaiwasha hapo hapo. Halafu dada uliponikaripia nikakuogopa, nikamwachia yeye mzigo. Mimi mwanaume mzima, nikamwachia yeye." Akamgeukia mama yake. "Si kosa lake hata chembe."

Bisibisi aliitazama saa. Zilikuwa zimebaki saa moja na dakika kumi na tatu, na alizikalia zote.

Muda ulipotimia alichomeka plagi, akaweka kanda. Picha ilicheza kidogo, ikatulia. Mzee, kijana zaidi, alikuwa anacheka mpaka kofia inamdondoka, anasema, "Mama yenu huyu alinikataa mara tatu! Mara ya nne nilimwambia, bibie, mimi sina kazi nyingine, nitarudi kesho!" Mama alijiziba uso kwa khanga, akacheka ndani yake huku analia. Kwenye kiti cha mikono, midomo ya mzee ilikuwa inafuata maneno moja moja, bila sauti, bila kukosea hata moja.

Dada mkubwa alijifuta macho kwa haraka, kama anayefukuza nzi. "Haya. Yameisha, fundi. Tuyamalize humu humu, ya ndani yasitoke nje."

"Haya yalizaliwa nje, dada. Kwenye korido, mbele ya watu wote. Hayazikwi sebuleni."

Suti alimfuata mpaka mlangoni. "Nioe... nataka kukuoa. Nimesema mbele ya wazazi."

"Unataka kumuoa nani? Huko kwenye jengo anajulikana fundi mmoja anayekula kanda za watu. Huyo mimi simfahamu. Mtafute, ukamuoe."

Akaenda zake, moyo unamuuma kama jino, kichwa hakijainama.

Kesho yake saa sita mchana, jengo limefurika, Bisibisi alisikia jina lake likiitwa kutoka ngazini. Si kuitwa, kupigiwa kelele. Korido nzima ilikimbilia kwenye kizingiti, naye nyuma yao.

Suti alikuwa amesimama katikati ya ngazi, amezuia watu pande zote mbili, suti ya kijivu, futi ya kupimia shingoni.

"Jamani! Jumatatu iliyopita nilidanganya hapa! Deki ya baba yangu niliiharibu mimi! Fundi Bisibisi alinionya, sikusikia! Alipouliza mbele yenu, nikaufyata! Kanda ameitengeneza yeye, baba yangu ameisikia sauti yake! Anayetaka kumcheka mtu, anicheke mimi!"

Walimcheka. Walimcheka sana. Mwenye televisheni begani alimtukana kwa kumchelewesha. Suti alisimama pale pale, masikio yamewaka, akarudia yote tangu mwanzo kwa ajili ya waliokuwa chini. Na chini kabisa, kando ya mlango, kilionekana kilemba cha bluu. "Ni kweli anavyosema!" ilipaa sauti ya dada mkubwa. "Na mimi nilibwata bila kuuliza! Niwie radhi, fundi!"

Watu wakampisha Bisibisi, akashuka mpaka ngazi ya juu ya Suti, macho kwa macho.

"Nakuuliza tena," alisema Suti, sasa kwa sauti ndogo. "Unanikubali?"

"Sema kwa nguvu, wa chini hawasikii."

"Unanikubali?"

"Meza yangu siihami. Koti hili silivui kwa ajili ya mtu. Na ukiulizwa jambo mbele za watu, unajibu."

"Najibu."

Bisibisi alimshika mkono mbele ya wote, akaubana, na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

"Basi nimekubali," alisema. "Sasa pisha ngazi, wateja wangu wapite."