Pafu Lenye Uzi Mwekundu

Jioni ile Mama alinituma jambo dogo tu.

"Kachukue sweta ya dada yako na viatu vyake vya kazini. Na usigombane na mtu. Umesikia? Usigombane na mtu."

Alirudia kwa sababu ananijua. Mimi ndiye yule wa midahalo chuoni, ambaye mwamuzi anagonga kengele na yeye bado anashusha hoja. Dada alikuwa akiniita Wakili. "Wakili, zima taa, kesi itasikilizwa kesho."

Nilifika kwenye duka la viatu alikokuwa akifanya kazi Dada, jua limeshazama. Nyuma ya kioo cha mbele mabuti marefu ya kike yalikuwa yamesimama wima, mstari mzima, kama yamevaliwa na watu walioondoka na kuacha miguu.

Niwaelezeni jinsi yanavyosimama, maana kila kitu kimeanzia hapo. Buti refu la ngozi laini ukiliacha tupu linalala, linajikunja pale kwenye kifundo, na mkunjo ukishakaa hautoki tena. Kwa hiyo ndani yake unawekwa mfuko wa mpira mwembamba wenye umbo la mguu, kutoka vidoleni hadi gotini. Juu una kipulizio chenye kizibo, kama cha boya la mtoto. Unapuliza, mfuko unajaa, buti linasimama. Wasichana wa pale waliuita pafu.

Pampu ilikuwepo. Bosi wao, waliyembandika jina la Kisigino kwa jinsi alivyopenda kukanyaga watu, aliifungia kabatini eti inapasua mipira. "Mdomo una akili kuliko pampu," alikuwa akisema. Basi wakapuliza kwa midomo. Kila msichana alikuwa na uzi wa rangi yake aliofunga kwenye kipulizio, ili pafu likikutwa limenywea asubuhi ijulikane nani wa kufokewa. Na pafu la mwenzako huligusi. Uzi wa Dada ulikuwa mwekundu.

Dada alikuwa na pumu.

Kisigino alijua. Aliambiwa tangu siku ya kwanza, akajibu kwamba hewa ni ya Mungu, haina bosi.

Halafu siku moja Dada akakutwa stoo, amelala katikati ya mabuti, hana uhai. Kisigino alikuja msibani na suti yake. Akakalia kiti alichopewa na mama yangu mwenyewe, akakohoa kidogo, akatangaza mbele ya majirani: "Alijifungia mle ndani. Alikuwa anachagua mabuti ya kuondoka nayo. Lakini mimi nimeshamsamehe."

Amemsamehe! Yeye!

Tangu hapo Mama haendi bombani mpaka awe na uhakika hakuna mtu. Hakuna jirani aliyetamka neno "mwizi". Walikuwa wananyamaza tu akipita. Sasa wewe niambie, ukimya wa namna hiyo unaujibuje? Sikutaka pole ya Kisigino wala maua yake. Nilitaka sentensi moja tu itoke kinywani mwake: mlango niliufunga mimi.

Keshia wa duka alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa stoo, anatafuna chingamu. Daima anatafuna ileile yenye harufu ya ndizi, unamnusa kabla hujamwona.

"Pole, mdogo wangu," alisema bila kunitazama.

"Asante. Vitu vya Dada viko wapi?"

Kisigino akajibu kutoka nyuma ya rafu. "Msomi amekuja! Ingia stoo, utavikuta. Na usichanganye mabuti. Yale ya mwisho aliyopuliza marehemu bado yamesimama, hata moja halijanywea. Nikasema yaache, ya nini kuyarudia? Kazi yake ilikuwa safi, hilo siwezi kumnyima."

Nilisita mlangoni pa stoo.

Yale ya mwisho aliyopuliza...

Dada tumemzika, lakini pumzi yake huyu mtu ameiweka kwenye rafu, isimamishe bidhaa.

Nikaingia.

Stoo ilikuwa nyembamba, haina dirisha. Balbu moja ya njano. Harufu ya gundi, rangi ya viatu na mpira. Sweta ya Dada ilining'inia kwenye msumari, na chini yake viatu vyake vya kazini vilivyolika upande. Niliichukua sweta, nikaiweka usoni.

Ndipo nikageuka kuuangalia mlango. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya kutafuta ufa kwenye maneno ya mtu.

Komeo lilikuwa nje.

Ndani palikuwa na ubao mtupu. Hakuna ndoano, hakuna hata tundu la ufunguo. Na kwenye ubao, usawa wa kifua cha mtu aliyepiga magoti, rangi ilikuwa imebanduka kwa mikwaruzo. Mingi. Mirefu.

Nikaipitishia vidole. Halafu nikasikia.

Hhhhh...

Kimya.

Hhhhh...

Nilidhani ni mimi. Nikabana pumzi yangu.

Hhhhh...

Ilikuwa rafuni. Mabuti yenye uzi mwekundu yalikuwa yanatanuka kidogo, yanasinyaa kidogo. Yanatanuka. Yanasinyaa. Yote kwa pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala. Na ndani ya ile harufu ya gundi ikapenya nyingine, ya mnanaa. Dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka Dada kifuani kila jioni, mpaka mashuka yetu yote yalinuka hivyohivyo.

Ningepaswa kukimbia, najua. Lakini hebu fikiri, ni dada yako. Pumzi yake ipo hapo mbele yako, na hutaipata tena popote duniani. Ungekimbia?

Nilichomoa pafu la kwanza kutoka ndani ya buti. Kwenye kipulizio palibaki alama ya rangi yake ya mdomo. Nikalegeza kizibo, nikasogeza pua.

Ssssss...

"...Bosi..."

Pafu likalala mkononi. Nikafungua la pili.

Ssssss...

"...kifua, Bosi... nifungulie... nitayamalizia kesho..."

Nikafungua la tatu. Neno likatoka taratibu, laini, karibu kabisa na sikio langu.

"...Wakili..."

"Unafanya nini na mali yangu?"

Kisigino alikuwa amesimama mlangoni.

Nilifuta uso kwa sweta. Sauti yangu ilitoka tulivu kuliko nilivyotegemea. "Komeo liko nje."

"Nini?"

"Ulimwambia mama yangu Dada alijifungia. Komeo liko nje. Kwa ndani hakuna hata msumari. Alijifungiaje?"

Akacheka. "Nyie wa chuo bwana, maneno hayawaishi! Dada yako naye alikuwa hivyohivyo. Anapuliza mawili, anashika kifua. Maigizo matupu."

"Kwa hiyo kupuliza si kazi."

"Kazi gani? Mtoto mdogo anapuliza puto."

Nilimnyooshea lile pafu la tatu, limelala, uzi mwekundu unaning'inia.

"Basi puliza. Moja tu. Mwanaume mzima, mapafu yako mazima."

"Binti, usinichezee."

"Naona Bosi anaogopa puto."

Kule nyuma Keshia aliacha kutafuna. Na kutoka rafuni, chini kabisa, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi, nikasikia...

"...pulizaaa..."

"Usininong'oneze wewe!" Kisigino akafoka.

"Sijasema kitu."

Akanitazama. Akatazama rafu. Shingo yake ilitoa jasho palepale. Lakini ni aina ya mwanaume ambaye angekubali nyumba imwangukie kuliko msichana amwone anarudi nyuma. Akalinyakua pafu, akalitia mdomoni, akapuliza.

Lilijaa vidole.

Alitaka kuvuta hewa. Hakuweza.

Mashavu yakaingia ndani. Macho yakatoka. Akaushika mpira kwa mikono miwili kuuchomoa, na mpira ukamng'ang'ania mdomoni kama mtoto mwenye njaa. Ukajaa wayo. Ukajaa kifundo. Miguu yake ikaanza kupiga sakafu, soli zikikwaruza, na ile mikwaruzo ya mlangoni nikaielewa upya. Kooni mwake kulikuwa na sauti. Maneno. Yalikuwa yanamtoka na kuingia humo, moja baada ya jingine, sikuweza kuyapata.

Rafuni mabuti yote yalikuwa yametulia. Yanatazama, kama mabuti yanaweza kutazama.

Kisigino alinyoosha mkono kwangu.

Ningeweza kuuvuta mpira ule. Nilikuwa nimesimama naye uso kwa uso.

Sikuuvuta.

Ulipojaa hadi gotini ukamwachia wenyewe. Akaanguka kwa mgongo. Mimi nikainama, si kumwinua yeye. Nilikibana kizibo kabla hata tone la hewa halijatoka, nikaliviringisha pafu ndani ya sweta ya Dada, nikachukua na viatu. Nilimpita Keshia mlangoni. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kupiga kelele.

Hakufa. Yuko hospitali. Madaktari wanasema picha ya kifua haina kasoro, ila anavuta hewa kwa vijiko na sauti hana kabisa. Anafungua mdomo, anaufunga, kama samaki aliyetolewa majini.

Keshia alikuja kwetu baada ya hapo, jua likizama tena, amejifunga mtandio mpya. Mama alikuwa amekaa na majirani wawili waliokuja, nadhani, kuangalia kuliko kufariji.

"Shikamoo, Mama. Nimetumwa na mke wa Bosi," Keshia alisema. "Kuna kitu mdogo wangu huyu aliondoka nacho. Anaomba kirudishwe. Bosi anateseka sana."

Mama akanigeukia. "Ulichukua kitu cha mtu?"

"Nilichukua sauti ya mtu, Mama."

Nilileta pafu, limejaa bado, gumu, la uvuguvugu. Nikaliweka mezani mbele yao. Mmoja wa majirani alianza kutabasamu. Nikalegeza kizibo.

Ssssss...

Harufu ya sigara. Kisha sauti yake, ileile ya msibani, ila sasa haina suti.

"...mlango niliufunga mimi... alikuwa anagonga... nikaongeza redio... hakuiba, hakuwahi kuiba... Keshia akaniuliza, nimfungulie? Nikamwambia mwache, anaigiza... akamwacha..."

Pafu likalala juu ya meza.

Yule jirani aliyetabasamu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Hakuna aliyeuliza ni uchawi wa nani. Mama aliinuka polepole. Alinyoosha kanga yake, akachukua ndoo mlangoni, akawatazama wale wanawake mmoja baada ya mwingine.

"Nakwenda bombani," alisema. "Twendeni. Saa hizi watu wamejaa, nataka wote wasikie. Na ninyi ndio mtakaowaambia."

Wakamfuata, vichwa chini. Tangu msiba sikuwa nimeiona shingo ya mama yangu imenyooka vile.

Tukabaki wawili.

Keshia alikuwa anaangalia meza. Nikafuata macho yake.

Pafu lilikuwa linajaa.

Hakuna mdomo uliokuwa juu yake, na kizibo kilikuwa wazi. Lilijaa kidole kimoja. Kingine. Na chumba kikaanza kunuka ndizi.

"Mdogo wangu..." Keshia alishika kifua. "Mdogo wangu, fungua dirisha. Mbona hewa ndogo humu?"

Dirisha lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa linapepea. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake vizuri, kama tunavyokaa na upande wa pili kabla kengele haijagongwa.

"Swali moja tu," nilisema. "Ulikuwa umekaa nje ya mlango ule. Ulimsikia anagonga mpaka akaacha kugonga?"

Akafungua mdomo kunijibu. Midomo ilicheza. Jibu halikutoka kwake. Mezani, wayo ukatanuka.

Kutoka chumbani kwetu, vilipo viatu vya Dada chini ya kitanda, nikasikia ile pumzi yake. Hhhhh... Ndefu, haina haraka. Haikuwa na pumu hata kidogo.

Niliufungua ule uzi mwekundu, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono wangu. Kisha nikavuta kapu la Mama la kushonea, nikatafuta uzi wa rangi ya njano kama ndizi, nikakaa kusubiri lijae.