Mkono Uliobaki Pichani

"Ule mkono ulikuwa wangu," Libérate alisema, na hakupunguza sauti. "Koti langu, saa yangu, mpaka kovu la kisu kidoleni. Na wewe ukasimama mbele ya kanisa zima ukasema ni mkono wa mwongoza watalii."

Bravin alitazama huku na huku. Kituo cha Hallonbergen kilikuwa kimejaa waumini wenzao waliotoka ibadani, akina mama wa Burundi na vitenge vyao chini ya majaketi, Wakenya na suti zao za Jumapili, na kila mmoja alijifanya anasoma ubao wa saa za treni.

"Libe, tafadhali. Tuongee tukifika."

"Tukifika wapi? Mimi nashuka Västra skogen nikabadilishe treni ya Tensta. Una vituo vitatu."

Treni ikaja. Wakakaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Kwa bahati Tania, binti yake Libérate wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amebaki kwenye kwaya ya watoto na angeletwa baadaye. Hili halikuwa jambo la masikio yake.

Kanisani kwao mtu akirudi safarini hutoa ripoti. Kahawa ikishamiminwa, picha hurushwa ukutani kwa projekta na msafiri husimulia alichoona, ili hata yule anayesafisha vyumba vya hoteli wiki nzima naye atembee dunia kidogo. Leo ilikuwa zamu ya Bravin, na Bravin anajua kusimulia. Shati lake la buluu, alilochaguliwa na Libérate, lilimkaa vizuri. Aliwapeleka watu Innsbruck, mji wa Austria ambako theluji ya Mei bado imekaa milimani na milima yenyewe imeinama juu ya mitaa kama majirani wambea. Akawaonyesha kibaraza cha mfalme chenye vigae vya dhahabu. Akawaonyesha kanisa lenye masanamu ishirini na manane ya shaba nyeusi, makubwa kuliko mtu, yakilinda kaburi la kaisari.

"Na kaburi lenyewe ni tupu," akasema. "Kaisari alizikwa kwingine. Walinzi wote hao, na ndani hamna mtu."

Watu wakacheka. Libérate, kiti cha tatu kutoka mbele, hakucheka. Maneno hayo yalikuwa yake. Alimnong'oneza Bravin mlemle kanisani Innsbruck, na Bravin alicheka mpaka mlinzi akawakanya.

Kila picha ilimwonyesha Bravin peke yake. Halafu likaja lango la ushindi. Upande mmoja limechongwa kwa furaha ya harusi, upande wa pili kwa msiba, maana baba wa bwana harusi alifariki katikati ya sherehe. Wao walisimama upande wa harusi. Mtalii mmoja mzee aliwapiga picha, akawaambia wasogeleane. Sasa ukutani Bravin alisimama peke yake, na begani kwake kulikuwa na mkono wenye koti la rangi ya haradali, umekatwa kwenye kiwiko.

Koti lile ukumbi mzima ulilijua. Libérate alikuwa akilivaa tangu Oktoba. Tania, ambaye hakuona kosa lolote, aliuliza kwa Kiswidi kama hilo si koti la mama. Mama Kamila akaangua kicheko, akataka kujua huo mkono ni wa nani. Bravin hata hakumeza mate. Wa mwongoza watalii, akasema, na akabonyeza picha iliyofuata.

"Ningefanya aje?" Bravin aliuliza sasa, treni ikiondoka Näckrosen. "Wiki ijayo wanachagua kiongozi wa vijana, na jina langu limo. Mwanamume na mwanamke hawajaoana, wamesafiri siku nne. Tungesemwa."

"Tulilala vyumba viwili."

"Nani angeamini?"

"Mimi ningesimama niseme. Wewe ungesimama?"

Bravin alijikuna shingo. Libérate alimwangalia, akamkumbuka yule mwanamume wa miaka miwili iliyopita. Asubuhi ile Libérate alikuwa akilikimbilia basi la Spånga, theluji mpaka kwenye vifundo, mfuko mwekundu mkononi, akipiga kelele ngoja, ngoja, kama vile yuko Bujumbura. Mabasi ya mji huu hayamsubiri mtu. Lile lilisubiri. Abiria wakaguna, na dereva, ndiye Bravin, akatangaza kwenye kipaza sauti, kwa Kiswidi, kwamba haondoki mpaka dada mwenye mfuko mwekundu apande. Halafu kwa Kiswahili: "Karibu, mrembo, usianguke." Alipenda hapohapo. Akiwa na miaka thelathini na tisa, mjane, mwenye mtoto, alipenda mwanamume aliyesimamisha basi zima mbele ya watu.

"Whitney yuko kwenye kikundi cha simu cha kanisa," Bravin alisema polepole. "Picha zikiingia kule, huyo dada yangu anamtumia mama siku hiyohiyo."

"Na akizipata?"

"Mama hajajua kuhusu Tania. Wala miaka yako. Namwandaa taratibu, mpenzi. Nipe muda."

Kuta nyekundu za Solna centrum zikapita dirishani. Libérate akawaza Jumamosi ijayo. Wazee watatu kutoka upande wa Bravin walikuwa waje Tensta kumposa. Shangazi Léontine, aliyemlea tangu kambi ya wakimbizi, alikwisha kuazima viti, amenunua kilo kumi za nyama, na amemwita mjomba kutoka Göteborg awe msemaji wa familia.

"Wazee wako," Libérate alisema. "Wanajua Jumamosi wanakuja kuposa?"

Bravin alitazama viatu vyake.

"Bravin, nakuuliza."

"Nimewaambia tunakuja kusalimia. Kusalimia kwanza. Hayo mengine yatafuata."

"Kwa hiyo mjomba atasimama ajibu posa ambayo hamna mtu aliyeileta."

"Usiseme hivyo, Libe. Nakupenda, na unajua."

Alijua. Hilo ndilo lililouma. Alimpenda chumbani, kwenye simu, kwenye mji ambao hakuna anayewafahamu. Libérate alitoa simu, na treni ilipoanza kupunguza mwendo akampigia shangazi.

"Unampigia nani?" Bravin aliuliza. "Libe, ngoja kwanza."

"Libé," shangazi aliitikia, akihema. "Sufuria kubwa nimeipata."

"Shangazi, wageni wa Jumamosi hawaji."

"Hawaji? Wameugua?"

"Ni wazima." Alisimama, akafunga vifungo vya koti la haradali kimoja kimoja. "Bravin alikwenda Innsbruck peke yake. Amesema mwenyewe, kanisani. Hapa hana mtu wa kuposa."

Treni ikasimama Västra skogen. Milango ikafunguka. Bravin alimshika mkono wa koti, pale pale kwenye kiwiko, kisha akaona Mama Kamila anawatazama kutoka kiti cha nyuma, akauachia.

Libérate akashuka. Nyuma yake milango ikajifunga. Treni haikumsubiri mtu.

"Na sufuria?" shangazi aliuliza.

"Nakuja tuirudishe," Libérate alisema, akapanda treni ya Tensta.